Betri ya Chini ya Kitanda

Ndinda wangu,

Nimekupigia simu mpaka kidole kimechoka, na kila mara ninajibiwa na yule dada wa kusema mteja hapatikani. Mwishowe nikampigia mama yako mdogo, Kavata. Akaniambia uko kwake Kawangware, umekula, na hutaki kuongea na mtu. Gari la kazi litakuchukua huko huko kesho asubuhi likupeleke Turkana. Basi nimefunga kinyozi mapema, nimekaa kwenye kiti cha wateja, na ninakuandikia. Unajua mimi si mtu wa kuandika. Mimi ni mtu wa mdomo, na leo mchana mdomo huo umenitia aibu, kwa hiyo nimeunyang'anya kazi.

Sitakwambia ule vizuri wala uchague marafiki. Sweta nayo nasikia Turkana haina kazi. Hayo yote Kavata atakueleza usiku huu hadi usinzie, maana yeye na mimi tumezaliwa na mama mmoja. Mimi nataka turudi pale ulipotoka mlangoni na begi lako bila kugeuka, mimi nikabaki nimeshika kitana kama mjinga. Nimenyoa watu miaka mingi, huwajua zaidi kwa visogo kuliko kwa nyuso. Kisogo chako leo kilikuwa cha mtu aliyeumia, nikakiona, na sikukuita.

Uliniacha na hasira, lakini hasira haikukaa. Ulipokata kona ya choo cha ploti ilikuwa imeisha. Iliyobaki ni kiburi, na hicho ndicho kilichonizuia kukimbia nyuma yako mbele ya watu.

Wacha niliseme jambo lenyewe kama nilivyoliona mimi, halafu utajua ulikuwa na mama wa aina gani leo. Tangu waje kung'oa nyaya za stima ya sambaza, ile ya kuunganishiwa kimagendo, hapa Gatwekera, sola yetu ndiyo inayomulika nusu ya ploti. Mama Awino amefiwa na kaka yake, na kila jioni watu wanakusanyika mlangoni pake kuomba na kuchanga mpaka mwili usafirishwe nyumbani, upande wa ziwa. Tumewavutia waya kutoka hapa kinyozi, wamepata taa na spika. Ni jambo la kawaida, sisi wenyewe tukifiwa watafanya hivyo. Lakini mwezi huu jua limejificha, mawingu asubuhi hadi jioni, na jana katikati ya maombi kile kisanduku cha ukutani unachoita kontrola kikakata. Giza. Mchungaji akabaki na sentensi mdomoni. Mama Awino akalia upya, kana kwamba ndugu yake amekufa mara ya pili.

Leo akaja hapa na leso kichwani, macho mekundu, akakuuliza kwa upole. "Ndinda mwanangu, hiyo kitu haiwezi rukwa? Si uunganishe tu direct, leo pekee. Wageni wanatoka mbali."

Ukamwambia, "Pole sana Mama Awino. Hiyo siwezi."

Na mimi nikadakia. Nani aliniuliza? Nilikuwa na mteja nimemnyoa upande mmoja, nikazima mashine nikasema, "Ndinda, unganisha."

"Mum, betri iko chini. Ikinyonywa yote leo, kesho haitashika chaji."

"Kesho hutakuwa hapa. Unganisha."

"Ndiyo maana sitaki. Nikitoa kontrola nani atairudisha? Mtaizoea hivyo. Siku jua litatoka itachemka tena."

Tena. Hilo neno ndilo lililonichoma, maana wewe na mimi tunajua lilikuwa linaelekeza wapi. Mteja na nusu kichwa chake alikuwa anasikiliza. Nikapandisha sauti. Nawe ukafanya kitu ambacho hujafanya tangu ukiwa mdogo, ukaniita mama kwa Kikamba, polepole. "Mwaitu, hapana."

Hapo nikasema yale. Kwamba hata hujafika Turkana na tayari umeshakuwa mkubwa wangu. Kwamba uende, na usiage. Nilisema usiage, Ndinda. Ninaandika hapa ili nijione.

Sasa nikupeleke nyuma, kwa ile betri ya kwanza. Unaijua hadithi, ploti nzima inaijua, wengine wanaisimulia kwa kicheko. Lakini wewe umeisikia siku zote kama hadithi ya betri iliyolipuka. Hujaisikia kutoka kichwani mwangu.

Baba yako alikuwa bado yuko nasi, kabla hajaenda kutafuta kazi Mombasa akapotelea huko. Nilinunua betri ya lori kwa fundi mmoja wa Kawangware, nzito, tukaibeba kwa mkokoteni. Paneli ikapanda juu ya mabati. Fundi akatupa na kontrola, akasema hii ndiyo inalinda. Mimi nikaikodolea macho siku kadhaa. Jua linawaka kabisa, saa sita, na kisanduku kinaonyesha hakipeleki tena kitu kwa betri. Usiku nako, wateja bado wanataka kunyolewa, kinakata. Nikasema huyu ni mwizi nimemleta nyumbani. Mchana ananinyima jua langu, usiku ananinyima stima yangu. Nikachukua koleo, nikakata, nikafunga waya kwa waya. Nikajiona mjanja kupita kampuni zote.

Na kweli ilifanya kazi! Hilo ndilo watu hawakuambii kuhusu makosa. Miezi ile ya kwanza nilikuwa malkia. Taa ilikaa, mashine ilinguruma hadi nichoke mimi. Majirani wakaja kuangalia nilivyofanya, nikawaonyesha, wengine wakaenda wakakata zao. Nikaiweka betri chini ya kitanda isiibwe, tukailalia kama hazina. Ilipofika Februari, jua kali, ikawa inachemka chini yetu, blup blup, kama uji mzito. Nikasema inashiba. Nilifurahi, Ndinda! Mimi nikisikia kitu kinashiba hufurahi, unajua nilivyokuwa nikikujazia ugali.

Maji yake yalipokuwa yanapungua nilijaza. Fundi alikuwa amesema maji safi. Kwangu mimi maji safi ni yale niliyokuwa nikikupa ulipokuwa mchanga, kwa hiyo nilinunua mtungi, nikachemsha kwenye sufuria, nikayapoza, nikachuja kwa kitambaa, nikamimina. Kwa upendo kabisa. Ulipokuja kunieleza miaka baadaye kwamba maji ya mtungi hata ukiyachemsha yana madini yake, kwamba betri inataka yale ya kununuliwa dukani yasiyo na kitu, nilicheka, lakini usiku nilikaa nikifikiria nilivyoichunga kwa mikono yangu mwenyewe nikiiua.

Siku yenyewe ulikuwa umetoka shule, umekaa kitandani na kitabu. Mlango tulikuwa tumeufunga kwa sababu ya vumbi. Uliniambia, "Mum, kunanuka mayai viza." Nikakujibu, "Nyamaza usome." Nikasema hivyo, ninakumbuka hata sauti. Ukaniambia tena, kunanuka. Nikakwambia hayo ni maneno ya mtu anayetoroka hesabu. Halafu nikaingiza jiko ndani lenye moto, niteleke maharagwe.

Mlipuko wenyewe sikuusikia. Nilijikuta nimekaa sakafuni na wewe unapiga kelele. Mama Awino ndiye aliyeingia na ndoo mbili za maji, akakumwagia mkono na sweta na kitanda na mimi, akaendelea kumwaga tu hata ulipoacha kulia. Sweta ile ya shule ilibaki na matundu ya asidi kama chujio. Na ile alama ya mkono wako wa kushoto, unayoifunika kwa mikono mirefu hata jua likiwa kali, ukiulizwa unasema ni chai.

Mimi ndiye chai.

Uliniambia mara mbili na pua yako mwenyewe ya mtoto. Tangu siku ile nilijilaumu kwa jiko, nikajilaumu kwa koleo na kwa kutojua. Kutojua nilijisamehe zamani, kila mtu huanza hajui. Lakini leo, ulipotoka, ndipo nimeona kwamba kosa langu lenyewe halikuwa hapo. Mtoto aliniambia anachokinusa, nikamnyamazisha kwa sababu mimi ni mama. Na leo mchana nimekunyamazisha tena, kuhusu kitu kile kile, kwa sababu ile ile.

Baada ya ile ajali nikageuka kuwa mwoga hata wa tochi. Nikakukataza kugusa waya. Wewe ukawa unaenda likizo kwa Kavata kumsaidia kuuza sukuma wiki, na mimi nikasifu binti yangu anavyopenda kazi. Kumbe kibanda cha sukuma kimepakana na cha fundi wa betri, na dada yangu ananidanganya kwenye simu. "Yuko hapa anakatakata mboga." Mboga gani zinazoacha mikono nyeusi hivyo? Siku uliporudi ukaniambia, "Mum, kumbe betri ikishiba lazima mtu aiambie imetosha," nilitaka kukuchapa na kukukumbatia, nikashindwa kuchagua, nikakupikia chapati.

Ile betri tuliyo nayo sasa umeichunga wewe. Kontrola umeifunga wewe, betri ukaitoa chini ya kitanda ukaijengea sanduku nje lenye matundu ya hewa na kufuli. Imekaa miaka, wenzetu wamezika ngapi? Na mimi nikasimama leo mbele ya mteja nikakuamrisha uiue, nikiita huo uungwana.

Sasa nikwambie kilichotokea baada ya wewe kwenda, maana hukijui.

Nilimmaliza yule mteja vibaya, atafute kofia. Nikachukua koleo, lile lile la zamani, nikapanda kwenye stuli. Nilikuwa nimeamua. Nikasema kama nilifanya nikiwa sijui, nitashindwaje leo? Nikanyoosha mkono kwenye nyaya. Ndipo nikaangalia chini, nikaona mashine ya kunyolea imechomolewa. Televisheni imechomolewa, tena umefungia plagi kwa selotepu nisiirudishe kwa haraka. Zile simu za watu za kuchajiwa hazipo hata moja, benchi ni jeupe. Kumbe uliyafanya hayo nilipokupa mgongo ukichukua begi lako; yule wa mwisho nilimmalizia kwa makasi nikifikiri ni mashine iliyokufa, kwa kiburi hata sikuangalia ukutani.

Nikiwa bado juu ya stuli Mama Awino akaingia. Akaniangalia na koleo langu. "Mama Ndinda, unafanya nini huko?"

"Si ninawaunganishia."

"Lakini Ndinda alipita kwangu kabla aende. Alirudishia watu simu zao, akatuwekea bulb ingine, hii ndogo. Akasema tukiwacha spika na kinyozi isifanye jioni, taa itatufikisha mwisho. Alikuomba pole kwa niaba yangu, ama ni mimi aliniomba pole kwa niaba yako. Sikuelewa vizuri, alikuwa analia."

Nilishuka kwenye stuli. Nilikaa hapa nilipokaa sasa.

Kwa hiyo ulikataa, halafu ukaenda ukatafuta njia. Mimi nilisikia kukataa peke yake. Nilidhani mtoto aliyesoma chuo amekuja kutuonyesha kwamba kitabu kina nguvu kuliko kilio cha mfiwa. Na wewe ulikuwa unazunguka ploti na begi mgongoni, na machozi, ukirudisha simu mlango kwa mlango, ili watu waombe kwenye mwanga na betri ipone. Hukuniambia kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukufukuza.

Mwanangu, huko unakoenda utakabidhiwa betri za zahanati. Umenieleza, kuna taa za akina mama wanaojifungua, kuna friji ya chanjo, na joto la kule lenyewe linazipika betri kabla hata ya chaji. Nimewaza jioni hii ni nani atakayekusumbua. Si mtu mbaya. Mtu mbaya utamkatalia bila shida. Atakuja nesi unayempenda, amechoka, anataka feni kidogo tu. Atakuja mzee wa kanisa. Atakuja mwanamke anayefanana na mimi, anayekupikia, akwambie Ndinda mwanangu, si uiruke tu leo. Na wewe umelelewa kuheshimu wakubwa, nimekulea hivyo kwa kelele nyingi.

Basi nisikilize mimi niliyekulea. Mkatalie. Kama ulivyonikatalia leo, kwa sauti ile ile ya chini. Na akikasirika, akikwambia maneno, usidhani umekosa adabu. Halafu ufanye lile ulilolifanya baadaye, uzunguke uone ni kitu gani kinaweza kuzimwa. Hilo sikukufunza mimi. Sijui ulilitoa wapi, labda ni kwa Kavata na uongo wake wa sukuma wiki. Na usiku ukiwa na mashaka, hakuna mtu wa kumuuliza, unanusa kitu na wakubwa wote wanasema nyamaza, amini pua yako. Ilikuwa sahihi ukiwa na sare ya shule.

Na mikono mirefu, uache. Kule ni joto. Wakikuuliza hiyo alama, waambie ni ya betri, kwamba mama yako alitoa kontrola. Mimi sitaona haya. Pengine mtu mmoja ataangalia mkono wako, aweke koleo chini.

Wameanza kuimba sasa. Bila spika, sauti zao tu, nyimbo za Kijaluo, na wale vijana wa kwaya wameleta ngoma. Ninavyosikia ni afadhali kuliko jana, ile spika ilikuwa inakwaruza. Wageni ni wengi, wamejaa mpaka kwenye mtaro. Ka-taa kako kadogo kananing'inia juu ya mlango wa Mama Awino na kila mtu anaonekana uso. Nimeinuka mara tatu au nne kwenda kuangalia kisanduku ukutani. Bado kijani. Mimi, niliyekiita mwizi, ninakibembeleza kama mtoto anayetaka kulala.

Nitakwambia jambo moja kisha nifunge. Nilipokuzaa niliogopa utakosa. Nilitoka Kitui na begi la karatasi, nilijua kukosa ni nini. Kwa hiyo maisha yangu yote na wewe nimekuwa nikijaza. Chakula, maneno, makelele, maombi, ushauri ambao hukuuomba. Sikuwahi kuangalia kama umeshiba. Umeshiba, Ndinda. Umetosha. Nimeliona leo kwenye benchi tupu la simu, na limenifurahisha na kuniumiza sawasawa.

Ninakupenda. Sijui mara ya mwisho nilikwambia lini bila kuongeza "lakini".

Barua hii sitaituma na mtu. Asubuhi kabla jua halijatoka nitaondoka hapa kwa miguu, nipitie Ngong Road, nije Kawangware kwa Kavata. Nitakuwa nimeibeba pamoja na lile koleo. Koleo ni lako, liende mbali na mimi. Nitakupa barua kwanza, nawe usome hapo hapo mlangoni, kwa sababu nikianza kuongea nitaharibu. Kwa hiyo sasa unaposoma mstari huu, mimi nimesimama mbele yako na mdomo nimeufunga, jambo ambalo Kavata hajawahi kuliona, mwangalie anavyoshangaa.

Nilikwambia usiage. Basi usiage, mama. Nimekuja kuaga mimi.

Ni mimi mama yako, wa Kinyozi, Gatwekera.